Kufuli la Tangi



Ilikuwa mwezi Septemba, wakati nchi yetu ya Ugogo imekwisha kuvaa rangi ya vumbi. Mama mmoja alifika nyumbani kwa mapadre akiwa na dumu la lita 20. Baada ya kutusalimu “Tumsifu Yesu Kristo”, alisema: “Baba, naomba maji ya mvua. Ya kisima yamekataa kuivisha maharage, na kuni zimekwisha.” Tangi letu, linalokinga maji ya paa la kanisa, lilikuwa chini ya nusu, nasi tulikuwa tumelifunga tangu Julai. Tulimpa dumu moja. Kisha tukamwambia: “Mama, usiwaambie wengine.” Maneno hayo ndiyo yaliyotunyima usingizi.

Asiyeijua nyanda hii ya kati hudhani kwamba shida yetu ni ukame tu. Chini ya ardhi maji yapo, ila mahali pengi yana chumvi. Mto Bubu, utokao upande wa Kondoa, huishia katika mbuga ya Bahi, nayo haina njia ya kufika baharini. Maji hupaa kwa jua, chumvi hubaki. Mji wa Dodoma, uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kuipokea Serikali kwa wingi kuanzia 2016, umeishi miaka mingi kwa visima vya Makutupora. Bomba hilo halijafika kwetu.

Basi kijana mmoja aliyepata kufanya kazi Muscat alitujia baada ya Misa. Alitueleza habari za mtambo wa Ghubrah, ulioanza mwaka 1976 kuwanywesha watu maji ya bahari. “Baba,” akasema, “ikiwa wao wanakunywa bahari, sisi tunashindwaje na kisima?”

Swali lake ni la haki. Siku hizi maji husukumwa kwa nguvu kupita katika utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupita, chumvi huzuiwa. Kwa maji ya bahari, kila lita 1,000 huhitaji takriban uniti 3 hadi 4 za umeme. Maji ya kisima kama chetu, yenye chumvi kidogo zaidi, huhitaji umeme mdogo kuliko huo. Na jua, hilo hatuliombi kwa mtu.

Lakini chumvi iliyozuiwa huenda wapi? Muscat hurudishwa baharini, na hata huko huhitaji uangalifu kwa ajili ya viumbe vya majini. Sisi hatuna bahari. Tukimwaga maji hayo makali korongoni, yatazama mchangani na kuturudia kisimani, au yataua uwele wa jirani. Ni lazima kuchimba bwawa la kuyakaushia, lenye sakafu isiyovuja, na kuizoa chumvi kila mwaka. Mashine ina muuzaji wa kuisifu, bwawa halina.

Halmashauri ya parokia ilipokutana, mwalimu mmoja mstaafu aliomba kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina mita za mraba 200. Tukipata milimita 550 kwa msimu, ni lita 110,000, hata kama sehemu yake itapotea. Tangi letu ni la lita 10,000. Mengine yote, kwa miaka yote hii, yamekuwa yakichimba mfereji nyuma ya sakristia! Tulicheka, ingawa si kwa furaha.

Tumekubaliana kuongeza tangi kabla ya mvua za Desemba, na kupeleka maji ya kisima maabara yapimwe chumvi na floridi kabla ya kuitazama mashine yoyote. Kuhusu kufuli hatukukubaliana. Wengine walitaka liondolewe. Sisi tuliogopa kwamba tangi lingekauka kwa siku tatu. Tulipendekeza madumu mawili kwa kila nyumba kwa juma, ya kupikia tu, na ufunguo washike viongozi wa jumuiya ndogondogo.

Mama yule wa maharage alikuwamo kikaoni. Akanyosha mkono.

“Baba, na wale tunaochota nao kisima kimoja, wasio na jumuiya?”

Kikao kitaendelea Jumapili, baada ya Misa ya pili.