Mkweche wa Baba

Katika muhtasari wa kikao cha ukoo, gari limeandikwa mwishoni kabisa, baada ya mizinga ya nyuki na bomba la kunyunyizia dawa. Kaka mkubwa amepewa nyumba na shamba la juu. Kaka wa pili shamba la bondeni na ng'ombe wanne. Mdogo wetu wa kiume ng'ombe wawili na kipande cha mti wa mbao. Halafu, kwa mwandiko uleule wa katibu: "Mkweche wa gari apewe dada." Chini yake sahihi saba, alama moja ya dole gumba na mhuri wa kijiji.

Mkweche wenyewe ni Land Rover 109 ya toleo la tatu, ya petroli, ile ndefu yenye mabenchi nyuma, iliyotoka kiwandani mwaka 1978. Baba aliinunua mnadani mwaka 1989 ikiwa tayari imechoka, akaiendesha miaka ishirini kati ya Tumati, Dongobesh na Haydom. Ilibeba maharage, vitunguu saumu, maharusi, wajawazito waliokuwa wanawahishwa hospitali, na mara kadhaa majeneza. Mwaka 2009 gasketi ya silinda hedi iliungua, gari likavutwa kwa trekta hadi nyumbani na kuwekwa chini ya mgrevilea. Kuku wakaanza kutagia kiti cha dereva. Baba alifariki mwaka 2017, na hadi siku hiyo alikuwa akiwakataza watoto kuchezea usukani, kama vile kesho yake asubuhi kuna safari.

Sikutarajia kupewa shamba. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, Tangazo Na. 436, zinawapanga warithi kwa madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wanaume wengine la pili, watoto wa kike wote la tatu. Wazee wetu hawajaisoma karatasi hiyo, ila wanaijua kwa moyo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha Babati, nina mshahara. Kwa hesabu ya kikao, nilikuwa nimekwisha kupewa changu. Gari liliongezwa ili isije ikasemwa kwamba binti alitoka mikono mitupu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara mbili. Aligonga ubavu wa gari kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatabasamu, kwa kuwa bodi ya Land Rover ni alumini, na alumini ina bei kuliko chuma. Asili yake ni uhaba: gari hili lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma cha bati kilikuwa kwa mgawo, hivyo wakatumia alumini. Ndiyo maana unaona Land Rover za zamani zimepauka, zimebonyea, lakini mbavu zake hazina matundu ya kutu. Nilimwambia yule bwana haliuzwi. Aliniuliza kama najua bei ya kulitengeneza. Nilijua, nilikuwa nimeshaipiga hesabu mara mbili.

Kazi ilianza likizo ya Juni 2021, baridi ya Mbulu ikiwa kali mpaka spana inakung'ata mkononi. Fundi wangu alikuwa mzee mmoja wa Dongobesh aliyewahi kuwa utingo wa baba miaka ya tisini. Ananiita mwanangu, namwita baba mdogo, ingawa hatuna ukoo mmoja. Alizunguka gari bila kufungua boneti. Alichukua nyundo ndogo akaingia uvunguni, akawa anagonga chesisi sentimita kwa sentimita. Bodi haishiki kutu, lakini chesisi ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Matope ya masika huingia humo na hayatoki, kwa hiyo huliwa kutoka ndani huku nje panang'aa rangi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boga. Boriti ya nyuma yote ilijibu kama boga, ikabidi ikatwe na kuchomelewa nyingine Mbulu mjini.

Injini ilikuwa imeganda. Tulifungua plagi nne, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukaziba kwa vitambaa, tukaacha wiki nzima. Uzuri wa injini hii, lita 2.25, ni kwamba ina hendeli ya kuizungushia kwa mkono kutokea mbele, kwa hiyo unaongea nayo moja kwa moja bila kupitia betri. Siku ya kwanza hendeli haikusogea. Ya pili, vilevile. Ya tatu baba mdogo alinikataza kuining'inia kwa nguvu: "Usiipige, mwanangu. Ibembeleze." Nikaisukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma, kama mtu anayetoa kigingi ardhini, mpaka saa sita mchana kitu fulani ndani kikaachia kwa sauti ya kuraruka kitambaa.

Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa anatushikia tochi. Ana video za Wamarekani wanaofufua Ford Mustang na Chevrolet za miaka ya sitini kwenye magereji yenye sakafu unayoweza kulia chakula, na aliniuliza kwa nini nisipoteze pesa kwenye gari la maana, lenye V8. Hapa kwetu V8 maana yake ni gari la mkubwa linalokupitisha vumbi. Nikamwambia jambo ambalo hakuliamini: mwaka 1979 Land Rover hii hii ndefu iliwekewa injini ya V8 ya lita 3.5, na mchoro wa injini hiyo Rover waliununua Marekani, kwa General Motors, ilikokuwa imetengenezewa Buick. Akaangalia silinda zetu nne. "Kwa hiyo yetu ni ile ambayo hawakuiwekea." Ndiyo, yetu ni ile.

Iliwaka Desemba. Sitaeleza sana, kila aliyewahi kuwasha injini iliyolala miaka kumi na miwili anajua ule moshi, na jinsi watu wanavyotokea mashambani bila kuitwa. Kilichonisumbua kilikuja baadaye. Gari lilikuwa linatembea vizuri tambarare, lakini tukipanda mlima kurudi Tumati linazima. Ukisubiri dakika kumi linawaka kama si lenyewe. Kilomita mbili, linazima tena.

Baba mdogo alisema ni koili inapata moto. Tukabadilisha koili. Akasema kondensa. Tulinunua kondensa tatu katika maduka matatu. Platina nikaipanga upya kwa kipimo, milimita 0.38. Mpangilio wa kuwaka, moja, tatu, nne, mbili, tuliukagua mpaka yule kijana akawa anauimba. Cheche ya plagi ilikuwa ya bluu, nene. Lakini mlima ni uleule na gari linazima palepale.

Mimi nilikuwa na shaka na umeme. Umeme ukikatika injini hunyamaza ghafla, kama redio iliyochomolewa. Yetu ilikuwa inakohoa kwanza, inalegea, inaomba, ndipo inakata roho. Hiyo ni njaa. Lilipozima mara iliyofuata nilifungua boneti kabla ya kitu kingine nikaangalia kikombe cha kioo chini ya pampu ya petroli. Kilikuwa karibu kitupu, na tangini tulikuwa na lita ishirini.

Usiku ule nilirudi kwenye kauntabuku za baba. Alikuwa anaandika kila safari: tarehe, mzigo, nani anadaiwa. Nilishazisoma kwa ajili ya kumkumbuka. Sasa nilizisoma kama fundi. Kuanzia katikati ya mwaka 2003 kuna sentensi zinazojirudia. "Maharage gunia 9. Imezima mlimani. Nimepuliza. Imewaka." Kurasa mbili mbele: "Mgonjwa Haydom. Imezima mara 2. Nimepuliza." Baba mdogo alikuwa ameacha uutingo miaka mitano kabla ya hapo, kwa hiyo hakuwahi kuona alichokuwa anapuliza.

Kesho yake tulipanda tena mlima, makusudi. Likazima. Nilifungua bomba la mafuta upande wa pampu, nikaliweka mdomoni na kupuliza kuelekea tangini. Mwanzoni kulikuwa na ukinzani, halafu ukaachia, na chini ya kiti cha dereva nikasikia mapovu. Niliirudisha nati, nikavuta petroli kwa kile kiwiko cha pampu, gari likawaka hapohapo, bila kusubiri dakika kumi za mtu yeyote.

Tukashusha tangi. Tulilimwaga, tukalitikisa, tukasikia kitu kama jani. Kijana akakivua kwa waya aliokunja ncha. Kilikuwa kipande cha mfuko wa rambo, mistari yake bado inaonekana, mfuko wa aina ile iliyopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Hapo nikakumbuka kizibo cha tangi la baba: kilipotea, na kwa muda mrefu aliziba kwa rambo lililofungwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kipande kilichanika, kikaanguka ndani, kikawa kinalala chini ya tangi. Injini ikivuta kwa nguvu mlimani kinafyonzwa na kuziba mdomo wa bomba, ikizima kinaachia.

Baba alikuwa dereva mwangalifu. Mtu anayejua kwamba kupuliza kunasaidia anajua pia kwamba shida iko tangini. Kushusha tangi la gari hili, kulikausha na kulirudisha ni siku mbili bila safari. Nilifungua tena kauntabuku ya 2004, nikaangalia ukurasa wa Januari. Gunia 9. Imezima mlimani. Nimepuliza. Na mstari unaofuata: "Ada ya binti, bweni, 70,000. Imelipwa." Mwaka ule wote hakuna siku mbili zilizofuatana ambazo hazina safari.

Tangu tangi lirudishwe, gari halijazima mlimani. Kaka mkubwa alikuja jioni moja, Juni 2022, akasimama akilitazama. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba gari la baba ni gari la familia. Nikamletea nakala ya muhtasari. Aliisoma mpaka mstari wa mwisho, akaanza kusema kwamba walichompa dada ni mkweche, na hili sasa si mkweche, akanyamaza katikati kwa sababu mama alikuwa anasikiliza kutoka jikoni.

Kadi ya gari bado ina jina la baba. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ni kaka mwenyewe, na bila sahihi yake hakuna uhamisho. Nimempelekea fomu mara tatu. Mara zote ana wageni, au miwani yake iko shambani.

Msimu wa maharage uliopita barabara ililoa na malori hayakufika. Alinipigia simu. "Shikamoo" yangu aliijibu harakaharaka, akaniuliza kama naweza kumbebea magunia sita hadi Dongobesh. Aliketi nyuma juu ya mzigo wake, mbele nilimweka mama. Mlima tuliupanda kwa gia ya pili. Tulipofika aliteremka, akajipangusa vumbi, akauliza nauli ni kiasi gani. Nilimtajia ileile ninayowatajia majirani. Akahesabu noti mbili mbili na kunipa zote bila kuomba punguzo.

Fomu iko kwenye dashibodi, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na kalamu.