Gurudumu Kubwa Si Rimu Kubwa: Funzo Kutoka Mji wa Kale

Mgeni aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa kwa mara ya kwanza huinua macho juu. Hutazama roshani za mbao, milango iliyochongwa na minara ya misikiti. Si vibaya. Lakini mwenye familia anayefikiria kununua gari, au kubadilisha magurudumu ya lile alilo nalo, angefaa pia kuinamisha macho barabarani. Katika vijia vile vilivyobanana kati ya Fort Jesus na Bandari ya Kale, magurudumu ya kila namna hupita njia moja. Kila moja hutoa ushahidi wake juu ya jambo ambalo wengi hulikosea: kwa nini gari moja humbeba nyanya akasinzia, na jingine humfikisha akiwa ameshika kiuno.

Tuanzie Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Ukiipa mgongo, unashika Ndia Kuu. 'Ndia' ni 'njia' kwa Kimvita, na kwa kweli hii ilikuwa njia kuu tangu zama za kale. Ila ukuu wake haukupimwa kwa magari. Kuna mahali dereva wa leo hulazimika kukunja vioo vya pembeni ili asikwaruze kuta za watu.

Mwishoni mwa karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Mombasa ilikuwa na usafiri ambao vijana wengi hawajausikia. Reli nyembamba zilitandikwa mitaani, na juu yake vilipita vigari vidogo vyenye viti na paa la kuzuia jua, vikisukumwa na wanaume kwa nguvu za mikono na miguu. Picha za zamani zinazionyesha reli hizo wazi. Magurudumu yake yalikuwa madogo, ya chuma. Basi yaliwezaje kubeba watu? Jawabu ni kwamba reli haina shimo wala jiwe. Ulaini ulikuwa njiani, si katika gurudumu.

Magari ya mota yalipoenea, vigari hivyo vilitoweka. Kazi iliyofanywa na reli sasa ikaangukia mpira na upepo. Tairi la upepo lilianza kutumika kwa mafanikio mwaka wa 1888, pale John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipoitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo, kitu cha kwanza kinachomkinga abiria dhidi ya barabara si kiti wala springi. Ni upepo uliofungiwa ndani ya mpira.

Asiyesadiki na autazame mkokoteni. Hamali anayetoka Marikiti na matenga ya nyanya, au anayesukuma madumu ya maji kuelekea Kibokoni, hana springi wala shokamzoba. Mara nyingi ana magurudumu mawili yaliyotolewa kwenye gari kuukuu. Hapo katikati ya mzigo na barabara hapana kingine cha kupunguza kishindo isipokuwa upepo ulio tairini.

Sasa panda tuktuk. Hii ina springi, lakini ikiingia kwenye shimo abiria hurushwa mpaka akashika chuma. Sababu ni kimo cha gurudumu. Tairi la tuktuk nyingi huandikwa 4.00-8, maana yake upana wa inchi 4 na rimu ya inchi 8. Gurudumu zima lina kimo cha takriban sentimita 40 tu. Shimo la upana wa sufuria ya wali hulimeza kwa kina kirefu. Gurudumu kubwa huligusa shimo hilo kwa juu juu na kupita, na jiwe hulipanda taratibu badala ya kuligonga.

Hapo ndipo magari makubwa yaliyoinuka, yale ambayo siku hizi huitwa SUV, yanapopata sifa yake. Chukua Toyota Prado yenye tairi la 265/65R17. Namba hizo si fumbo. Tairi lina upana wa milimita 265. Ubavu wake, yaani ule mpira ulio kati ya rimu na barabara, ni asilimia 65 ya upana huo, ambayo ni milimita 172. Na rimu ni ya inchi 17. Kimo cha gurudumu zima ni kama sentimita 78, karibu mara mbili ya lile la tuktuk.

Kosa huanzia hapa. Mwenye gari husikia kwamba gurudumu kubwa hustarehesha, kisha hununua rimu za inchi 20 zinazong'aa. Lakini nafasi iliyo chini ya bodi haikuongezeka. Ili gurudumu litoshe, na kipimo cha mwendo kisidanganye, kimo chake huachwa kilekile. Kwa hiyo huvaa tairi la 265/50R20, ambalo ubavu wake ni milimita 133 tu. Gurudumu halikukua hata kidogo. Kilichokua ni chuma, na kilichopungua ni sentimita 4 za upepo, karibu robo nzima ya mto uliokuwa ukimbeba nyanya. Isitoshe, rimu kubwa mara nyingi huwa nzito zaidi, na springi hupata taabu kulituliza gurudumu zito likisharuka. Ukipiga shimo kwa kasi, rimu huweza kupinda au kupasuka. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Haki itendeke, rimu kubwa si upuuzi mtupu. Tairi lenye ubavu mfupi haliyumbi sana kwenye kona, na rimu kubwa hutoa nafasi ya breki kubwa. Anayekwenda kwa lami nzuri kila siku huenda asijute. Lakini anayepanda matuta, mashimo na matofali ya kabro akiwa na mjamzito au mzee mwenye maumivu ya mgongo, huyo ana hesabu nyingine.

Wengine hutafuta ulaini kwa kupunguza upepo. Hiyo ni hatari. Tairi lenye upepo haba hukunjika mno, hupata joto, na laweza kupasuka katika safari ndefu kama ile ya kwenda Nairobi. Fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na upime asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Magari mengi yaliyotumika Japani huteremshwa bandarini Kilindini, na mnunuzi afikapo yadi hutazama rangi na kusikiliza injini. Ni vyema apige goti pia asome ubavu wa tairi. Mbali na vipimo, kuna tarakimu nne za umri: 2319, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Mpira uliozeeka hukakamaa, hata kama kashata zake bado ni nene.

Kisha amwombe muuzaji wazunguke pamoja, mzee wa nyumbani akiwa kiti cha nyuma. Wasiishie kwenye lami ya Moi Avenue. Wapite penye matuta na mashimo. Mgongo wa mzee utatoa hukumu kabla mfuko haujafunguliwa.