Mwanga unaopoza

Jua la Kondoa halina mzaha. Ndiyo maana baba mmoja, mkulima wa alizeti, alicheka binti yake aliposema mwanga unaweza kupoza kitu kuliko barafu. "Ungeshinda nami shambani leo usingesema hivyo."

Kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuchagua tahasusi ya PCM. Baba alitaka aibadilishe. Fizikia aliiona safari ndefu isiyo na ajira, na mtoto wa kwanza hana budi kupata kazi mapema, awainue wadogo zake. Mama alikuwa akipepeta uwele, kimya.

"Baba, joto ni mwendo," binti alieleza. Atomi za hewa ya chumbani hukimbia mamia ya mita kwa sekunde. Ukizipunguza mbio, umezipoza. Mwanga nao husukuma, ingawa kidogo mno. Atomi ya sodiamu ikimeza chembe moja ya mwanga unaoijia kwa mbele, hupungukiwa kasi ya kama sentimita 3 tu kwa sekunde. Zinahitajika chembe maelfu kwa maelfu.

"Na ile inayokimbia kuelekea uendako mwanga? Si itazidi mbio?"

Binti alitabasamu, hilo ndilo swali lenyewe. Akamkumbusha basi litokalo Dodoma: honi yake husikika nyembamba likikaribia, nene likishapita. Rangi nayo hubadilika hivyo kwa atomi iliyo mbioni. Wanasayansi huiweka leza chini kidogo ya rangi ambayo atomi hupenda kuipokea. Atomi inayoufuata mwanga uso kwa uso huiona rangi ile imepanda, huipokea na kurudishwa nyuma. Inayoukimbia huuacha upite. Wakiweka miale sita, pande zote, kila atomi inakoelekea inakuta kizuizi.

Mwaka 1985 Steven Chu na wenzake, Marekani, walipoza sodiamu hivyo. Ilibaki kama sehemu 240 tu za milioni ya digrii moja kufikia baridi ya mwisho, ambayo ni nyuzi 273 chini ya sifuri. Mwaka 1997 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na William Phillips na Claude Cohen-Tannoudji, Mfaransa aliyezaliwa Constantine, Algeria. Leo atomi za siziamu zilizopozwa kwa leza zimo ndani ya saa sahihi kabisa zinazopima sekunde.

Mama aliweka ungo chini. "Kumbe haba na haba haijazi kibaba tu. Hupunguza na mbio."

Baba hakujibu. Baadaye aliuliza mwisho wa kubadilisha ni lini.

"Ijumaa, baba."

Ijumaa alirudi kutoka msikitini, akala, akanawa. "Hebu nieleze tena ile honi ya basi," alisema. Alisikiliza mpaka mwisho. "Wadogo zako usiwasahau."

PCM ikabaki.