Bafle Zisile Taa ya Watoto



Kila mara mpunga unapouzwa vizuri, nyumbani kunazuka neno moja: tununue bafle. Vijana wanataka zile sita zinazouzwa pamoja na ampli yake, ili filamu isikike kutoka pande zote za chumba. Sisi hatukatai. Nyumba yenye muziki ni nyumba yenye watu. Lakini franga ya mpunga ni jasho letu pia, na tuna haki ya kuuliza kabla haijafunguliwa kwenye kitambaa.

Swali la kwanza ni batri. Nyumba zetu nyingi zinapata umeme kwa sola. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, na batri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Basi tuhesabu 600. Televizyo na ampli zikivuta wati 100 kwa pamoja, tunapata saa sita. Zikivuta 300, ni saa mbili, kisha giza. Na batri hiyohiyo ndiyo inawasha taa ya mtoto anayesoma, ndiyo inachaji telefone ya kumwita mkunga usiku. Ampli ya volti 12 inafungwa moja kwa moja kwenye batri. Ile ya volti 220 inataka konvertiseri, nayo inakula sehemu yake.

Swali la pili ni wati zilizoandikwa kwenye karton. Tusitishwe na maelfu. Tutafute herufi RMS, maana hizo ndizo wati ambazo ampli inaweza kutoa kwa muda mrefu. PMPO ni namba ya kupamba. Tutazame pia desibeli za bafle. Bafle ya desibeli 90 ikipewa wati 10 inasikika sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 20. Kwa mtu wa sola, tofauti hiyo ni akiba ya kila usiku.

La tatu ni omu. Kama nyuma ya ampli wameandika 8, tusiifungie bafle ya 4, itapata moto na kuungua.

La nne ni hesabu ya bafle. Zile sita zina kazi zao: mbili za mbele, moja ya katikati kwa maneno ya watu, mbili za nyuma, na moja kubwa ya besi. Zinafaa kwa filamu iliyorekodiwa hivyo. Rumba yetu, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, kwa kawaida inarekodiwa kwa njia mbili. Bafle mbili nzuri zinaitosha.

Mmoja wetu alikaa na mume wake wakahesabu haya yote kwenye karatasi. Wakachukua bafle mbili na ampli ndogo ya volti 12, na franga iliyobaki ikanunua pano ya pili. Mama mkwe wake, ambaye masikio yamechoka, sasa anasikia habari za njia ya Kabambare bila kumuuliza mjukuu, "Wamesema nini?"

Basi dukani tusijaribu kwa besi peke yake. Tuombe sauti ya mtu anayesoma habari, ichezwe polepole. Kama kila neno linafika, bafle ni nzuri. Nyumbani, chini ya mabati sauti inarukaruka; pazia zito la kitenge na mkeka vinaituliza kidogo.

Tukumbuke masikio na majirani. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inavumilika saa 40 kwa juma, lakini ya 90 ni saa nne tu. Pia kuna saa ya swala, kuna matanga, kuna mzazi aliyejifungua jana ng'ambo ya ukuta. Kitufe cha kupunguza sauti hakina bei.

Kabla ya likelemba ya juma lijalo, kila mmoja aandike batri yake ni ya ampea-saa ngapi na taa zake ni ngapi. Tutahesabu pamoja, na waume zetu wakaribie.