Chumbe: Kwa Nemo, Mama Ndiye Bosi

Kama wewe na mwenzi wako mnatafuta mahali pa kupumua, pandeni boti mwende Chumbe, kusini magharibi ya mji wa Zanzibar. Kisiwa chenyewe kidogo tu, kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na matumbawe yake yanalindwa tangu miaka ya 1990. Kuvua samaki ni marufuku. Vaeni miwani ya maji na mrija, mwelee taratibu, mtazame chini.

Mtawaona samaki wa jamii ya Nemo, wawili wawili, ndani ya minyiri ya anemoni inayochoma samaki wengine. Msidanganyike na sura zao! Jike ndiye mkubwa, na ukisogea sana anakuja kukuvaa. Dume kazi yake kubwa ni kuyapepea mayai. Jike akifa, dume hugeuka jike. Yaani nyumba haikosi mama.

Jozi nyingine ikijisogeza, ni ngumi. Baharini ugomvi huisha, maana aliyeshindwa huondoka zake. Lakini kwenye tangi la kioo sebuleni, aende wapi? Mara nyingi hung'atwa mpaka afe. Kwa hiyo ukitamani kuwafuga, tangi moja, jozi moja.

Na ninyi wapenzi wawili mnaobanana chumba kimoja na jozi nyingine, mmenielewa. Pengine hakuna mbaya hapo. Nafasi tu ndiyo haitoshi.