Mjomba, Hii Injini Unaijua

Coventry, Uingereza

Mjomba,

Picha niliyoweka kwenye kikundi cha familia imenitia mdomoni mwa watu. Shangazi ameuliza kama mwenye nyumba amenifukuza. Binamu wa Kabati amesema mwenzake aliyekwenda Marekani ameshaonyesha pikapu mpya, na mimi, baada ya miaka yote hii ya zamu za usiku, naonyesha matatu kuukuu lenye mapazia. Wewe hukuuliza bei wala sababu. Uliandika maneno mawili tu: "Petroli? Dizeli?" Basi barua hii ni yako, na hao wengine wataisomea begani mwako.

Ni petroli, kama ulivyokwisha kuisikia kwenye simu.

Gari lenyewe ni Talbot Express la mwaka 1990, na mgongoni limebebeshwa nyumba: viti vinavyokunjuliwa usiku kuwa kitanda, jiko la gesi la kupikia sufuria mbili, sinki, friji ndogo, na kabati lenye choo cha kubeba. Waingereza hupeleka nyumba za namna hii pwani wakati wa kiangazi, wakae ndani wanywe chai huku wakitazama mvua. Mimi nililinunua kwa sababu ya matanga. Mkenya akifariki Glasgow, tunafunga safari kutoka Coventry, Leicester, Reading na kwingineko, tukae na wafiwa na kuchanga pesa za kusafirisha mwili. Usiku ukiingia hakuna pa kukulaza, maana nyumba za huku vyumba vyake ni vya kuhesabu, na hoteli ya familia moja inaweza kumeza mchango wenyewe. Sasa naegesha nje ya nyumba ya msiba, watoto wanalala, na kila mara kuna mama mmoja mzee anayeomba ajinyooshe humo kidogo kabla ya maombi ya asubuhi. Mweleze shangazi hivyo.

Turudi kwenye injini, maana najua macho yako yamebaki hapo. Jina la Talbot lisikutishe. Mwaka 1978 Peugeot walinunua biashara ya Chrysler ya Ulaya, wakafufua jina hilo la zamani, kisha wakalibandika kwenye gari la mizigo lililoundwa Italia, katika kiwanda cha Atessa kilichofunguliwa mwaka 1981. Gari lilikuwa moja, majina mengi: Fiat Ducato, Peugeot J5, Citroën C25, na kwa soko la Uingereza Talbot Express. Langu lina injini ya sentimita za ujazo 1,971. Hesabu hiyo unaijua. Ni ukoo wa injini ya 504, ile uliyokuwa ukiifungua na kuifunga pale sokoni Migwani, mimi nikiwa mtoto wa kukushikia tochi. Fimbo za kusukuma valvu zipo, cheni ipo badala ya mkanda, na silinda ni za kuchomoa. Ila huku wameilaza kikingamo na inavuta magurudumu ya mbele, kwa hiyo kwenye nyasi zenye maji tairi zinazunguka bure. 504 yako ingesukuma kutoka nyuma na kutoka.

Ufaransa iliacha kuunda 504 saluni mwaka 1983. Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi mwaka 2004. Ndiyo maana ukitafuta leo mtu anayeijua injini hii kwa mlio, utampata upesi zaidi Migwani kuliko hapa Coventry, mji ulioishi kwa kuunda magari.

Ugonjwa ulijitokeza Shap. Huo ni mpando wa barabara ya M6, njia ya kwenda Uskoti, unaofika zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kwenu huko hiyo si kitu, lakini gari lililobeba nyumba linaihisi. Katikati ya mpando injini ilianza kukohoa, ikalegea, ikazima. Ukiiacha ipumzike inawaka kama haijafanya lolote. Gereji niliyoipelekea waliangalia umri wa gari, kisha wakaangaliana wao kwa wao. Saa moja ya fundi wao ni zaidi ya pauni 60, yaani kama shilingi elfu kumi za kwetu. Wakasema kabureta ibadilishwe nzima, ingawa hawakuwa na mtu wa kuifunga. Kijana wao amezoea kuchomeka kompyuta na kusoma jibu, na gari hili halina pa kuchomeka chochote.

Ndipo nikakupigia. Uliniambia niweke simu juu ya injini na nikanyage mafuta polepole. Nakumbuka nikisikia mbuzi wa mtu upande wako, na mteja akikuuliza kuhusu breki za bodaboda, nawe ukimwambia anyamaze. Halafu ukasema: "Acha kabureta. Inavuta hewa mahali. Fuata bomba la petroli kutoka tangini, kwa vidole." Na kweli, kipande cha mpira kabla ya pampu kilikuwa na nyufa nyembamba upande wa chini, mahali jicho halifiki. Injini ikidai mafuta mengi mlimani, inameza hewa.

Chanzo chake nadhani ni mafuta yenyewe. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya huku ni E10, iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 10. Magari mapya hayana shida nayo. Ya kabureta yanaumia, kwa sababu ethanoli inakula mipira ya zamani na inanyonya maji tangini gari likikaa muda mrefu bila kuendeshwa. Bomba jipya linalostahimili ethanoli lilinigharimu chini ya chakula cha mchana. Siku hizi najaza E5, ile ya bei ya juu, na nalipa bila kunung'unika.

Aliyenisaidia kulifunga bomba hilo ni mzee jirani. Alifanya kazi kiwanda cha Peugeot cha Ryton, hapa nje ya mji, hadi kilipofungwa Desemba 2006. Leo pale ni maghala, na zamu zangu za usiku ziko katika mojawapo. Pale alipokuwa akifunga milango ya magari, mimi napanga maboksi. Uliongea naye siku ile kwa video, na Kiingereza chake cha Coventry na chako cha Kitui kila kimoja kilishika njia yake. Lakini alipogusa pampu kwa bisibisi nawe ukatikisa kichwa, akasogea kwenye bomba, ukatikisa tena, akasogea, ukasema "hapo". Tangu siku hiyo ananiuliza habari zako kabla ya kuniuliza zangu.

Nimefikiria kwa nini gereji ile ilinikwepa. Kinachowashinda si kazi tu, ni hesabu pia. Huku kipuri ni rahisi na mkono ni ghali. Kwetu mkono ni rahisi na kipuri ni ghali. Alterneta ikifa hapa hakuna anayeifungua: inatupwa, na nyingine inaletwa kesho yake asubuhi ndani ya boksi. Wewe ungebadilisha brashi na beringi, na waya zikiwa zimeungua ungetafuta wa kuzisuka upya Mwingi. Hesabu yao inakwenda sawa mpaka siku boksi lisipokuja. Talbot iliacha kuundwa katika miaka ya 1990, na vitu kama mpira wa dirisha la nyumba hii au kioo cha taa ya nyuma ni vya kuokota kwenye magari yaliyokufa. Tuna Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi kwa kazi hiyo. Huku ni kiwanja kimoja chenye tope nje ya mji, na mwenyewe anafungua akitaka.

Naona Waingereza nao wameanza kushtuka. Tangu Julai 2021 sheria inawataka watengenezaji wa friji na mashine za kufulia wauze vipuri kwa miaka kadhaa. Jumamosi kwenye kumbi za makanisa watu wanapeleka birika la umeme wafundishwe kulifungua, mtindo ulioanzia Amsterdam mwaka 2009, na magazeti yanauandika kama uvumbuzi. Nikiwaona nakumbuka ulivyonitoa gerejini nilipomaliza kidato cha nne, ukasema hii ni kazi ya waliokosa pa kwenda. Kwa heshima zote, mjomba, kwa hilo sikubaliani nawe. Shirika la Kazi Duniani lilishaandika mwaka 1972, katika ripoti yake kuhusu Kenya, kwamba kazi za jua kali zina tija na kwamba serikali ilikuwa ikizinyanyasa bure.

Sasa kutu, adui wako usiyemjua. Ukambani gari linakufa kwa mashimo na vumbi, lakini bodi inabaki. Huku majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, chumvi ya mwamba inayochimbwa Winsford kwa malori na malori, na chumvi hiyo inapanda chini ya gari na kukaa. Kila mwaka kuna ukaguzi wa lazima, wanauita MOT, na kwa gari kama hili hawaruhusiwi kutoza zaidi ya pauni 54.85. Mkaguzi anagonga chini kwa nyundo ndogo. Kutu ikila chuma kilicho ndani ya sentimita 30 kutoka palipofungwa breki, springi au mkanda wa kiti, gari limeanguka. Wala huwezi kumficha kwa pati na rangi, anataka kipande kipya kilichochomelewa pande zote. Halafu matokeo yanawekwa mahali pa wazi: ukiwa na namba ya gari, hata wewe hapo Migwani unaweza kusoma lilianguka mwaka gani na kwa nini. Nilisoma ya hili kabla ya kulipa. Ningependa kuona matatu za kwetu zikianikwa hivyo, hata kwa wiki moja.

Nyumba yenyewe adui yake ni maji. Kuta ni fremu za mbao zilizovikwa alumini nje, na mshono wa paa ukifunguka upana wa uzi tu, maji yanaingia na mbao zinaoza kimyakimya huku ukuta wa ndani ukionekana safi. Kuna kifaa cha sindano mbili cha kupimia unyevu. Chini ya asilimia 15 unalala, ikipita 20 unafungua ukuta. Kona moja nyuma ya kitanda ilinilazimu kufungua. Mbao zilitoka kwa vidole, nikazikata hadi penye uzima, nikaunga mpya na kuziba mshono kwa utepe wa mpira unaonata. Silikoni ya dukani usiiguse kwa kazi hii, inabanduka na haikubali kitu kingine kushika juu yake. Nilikuwa juu ya paa hilo mwezi wa Novemba, napigana na mvua, wakati ninyi mnapanda ndengu mkiomba inyeshe. Usimwambie mama.

Friji ingekufurahisha. Haina kompresa wala kitu kinachozunguka: moto mdogo wa gesi unachemsha amonia, na huko juu kunakuwa baridi. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni jambo hilo mwaka 1922, na ni kanuni ileile ya friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo kwenye zahanati nyingi za misheni kabla ya umeme kufika. Sharti lake ni kusimama sawasawa, kwa hiyo kila nikiegesha natoa pima maji kabla ya kutoa viatu. Gesi nayo ina mambo yake. Mtungi wa buluu ni butani, na baridi ikikaribia nyuzi sifuri hautoi kitu, hata ukiwa umejaa. Baridi ikija unahamia mwekundu, propani. Na ukutani kuna king'ora cha kaboni monoksidi, hewa inayoua, ileile ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kina bei ndogo. Nitakutumia kimoja kwa atakayekuja Desemba, ukiweke chumbani kwa nyanya.

Jambo moja la kuwaambia vijana wa bodaboda na wenye Probox: tairi za mtumba zina namba nne ubavuni. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Za kwangu zilikuwa na meno mazuri kabisa na umri wa kuzitupa, kwa sababu gari la namna hii linasimama zaidi kuliko linavyokwenda, na mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Wasome namba kabla ya kusifu meno.

Umeuliza kama naweza kulileta, tulifungulie upande mmoja liwe duka la M-Pesa pale karibu na stendi, sasa kwa vile lami imefika. Wazo ni zuri na ningelipenda, lakini Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na hili limepita hapo zamani sana. Litabaki huku, na wewe utabaki daktari wake wa mbali. Ada ya ushauri wa Shap nilituma Ijumaa, angalia simu yako, na usiigawe yote.

Kuna jingine. Asubuhi injini ikiwa baridi kuna mlio mbele, upande wa cheni, tiki-tiki-tiki, halafu unapotea ikipata joto. Jirani anasema ni kikaza cheni. Mimi nashuku tapeti. Jumapili nitaamka mapema nirekodi kabla haijapata joto, nikutumie ukitoka misa, na mzee atakuwa hapa na kikombe chake cha chai akisubiri uamue.

Mpwa wako,
Coventry