Mti wa Haraz na Vilima vya Uwemba

Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilikusanya kazi za zaidi ya miaka 50 za Ibrahim El-Salahi, mchoraji Mwislamu wa Sudan. Mwaka uliotangulia zilikuwa zimeonyeshwa Sharjah. Mimi nimeziona kitabuni tu, nikiwa huku kwetu Uwemba, nazo zimenifaa katika jambo lililonitatiza.

Mzazi mmoja hapa alitaka kujua kama mwanawe anatenda dhambi. Kijana hujaza madaftari rangi za vilima: wekundu wa mashamba ya viazi, kijani cha chai, weupe wa umande ulioganda mwezi wa Juni. Nilimjibu kuwa Ibn Abbas (r.a.) alimshauri mtu aliyeishi kwa kazi ya picha, kwamba akiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Tena Sura ya Fatir yataja milima na njia zake nyeupe, nyekundu na nyeusi, na papo hapo yataja wenye elimu wamchao Mwenyezi Mungu. Mzee akaridhika, lakini akabaki na hofu nyingine: je, kazi hii haitamtenga kijana na watu wake?

Basi sikiliza habari za El-Salahi. Alizaliwa Omdurman mwaka 1930. Baba yake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani, na humo mtoto alijifunza kuandika na kupamba mbao. Mwaka 1954 alikwenda kusoma katika shule ya Slade, London. (Sam Ntiro wetu, mchoraji wa vilima vya Machame, naye alisoma hapo.) Aliporudi mwaka 1957 akaonyesha picha zake Khartoum, watu hawakuzijali. Hakuwaita wajinga. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka nchi akitazama nakshi za vyombo na nyumba za wenziwe. Kisha akaanza kuandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha, na watu wakasogea kusoma. Baadaye akazikuza herufi, akazivunja, mkatoka maumbo, mengine ya watu na wanyama. Hapo masheikh wetu wana maneno, nami siwapingi.

Mwaka 1975 alitiwa gerezani Kober, miezi sita bila kuhukumiwa. Karatasi ilikuwa marufuku. Alichora kwa siri juu ya vipande vya mifuko ya saruji, akavifukia mchangani.

Picha nizipendazo mimi ni zile za baadaye, alizochora akiwa ugenini, za mti wa haraz uotao kando ya Mto Nile. Mti huu hupukutisha majani wakati wa mvua, na kiangazi, miti mingine ikiwa mikavu, wenyewe huwa na majani mabichi. Aliuchora mara nyingi kwa mistari iliyosimama na miraba ya rangi kali, hata mtazamaji asijue kama ni mti au ni rangi tupu, mpaka arudi nyuma hatua mbili.